PASAKA YA MWEZI WA PILI: MUNGU HUWAPOKEA WASIOKAMILIKA

Somo: 2 Mambo ya Nyakati 30:1–27

Nawasalimu nyote hapa Nakivale, ninyi wa Base Camp, wa Rubondo na wa Juru, pamoja na wazee wetu wanaosomewa na wajukuu wao.

Leo tujifunze habari ya mzigo ambao wengi katika makazi haya wanaubeba, ingawa hawautaji katika maombi. Ni mzigo wa kufikiri kwamba Mungu atatupokea siku ile tu tutakapokuwa hatuna kasoro yoyote. Mtu mwenye mzigo huu anaweza kuwa Mkristo wa miaka mingi. Anajua maandiko, anaimba kwaya, anafunga na kuomba. Lakini ndani hana raha, maana kila jioni anajihesabia makosa, na kila asubuhi anaanza tena kutafuta kibali anachodhani alikipoteza jana.

Yupo mama ambaye haji ibadani kwa sababu kitenge chake kimechakaa na hana sadaka mkononi. Anasema, “Nikipata cha kuvaa nitakuja.” Yupo kijana aliyemaliza mafundisho ya ubatizo mara mbili, lakini kila siku ya ubatizo ikikaribia anajificha, maana wiki ile alikasirika akasema neno baya. Yupo baba ambaye mtoto wake akileta alama 90 haulizi zile 90 zimepatikanaje, anauliza 10 zimekwenda wapi. Yupo mtumishi wa Mungu asiyethubutu kusema “nimechoka”, kwa kuwa anaogopa waumini wataona imani yake ni ndogo. Hawa wote wanampenda Mungu, lakini wamefungwa.

MZIGO HUU UNATOKA WAPI?

Kwanza, unatoka katika maisha yetu ya ukimbizini. Tangu tulipovuka mpaka tumeishi kwa makaratasi. Tumeulizwa tarehe ya kuzaliwa, mwezi tuliokimbia, majina ya watoto na ya wazazi wetu. Tumeulizwa tena mwaka uliofuata, na tena baada ya hapo. Si vibaya kuulizwa, na Mkristo anapaswa kusema kweli kila anapoulizwa. Lakini moyo umejifunza jambo katika mahojiano hayo. Umejifunza kwamba mwaka mmoja ukitajwa tofauti, au jina likiandikwa kwa herufi nyingine, kesi inaweza kusimama. Tumezoea kuogopa kosa dogo.

Mwezi wa Januari mwaka 2025, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari nyingi zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Uamuzi ule ulifanyika mbali na sisi, wala haukuangalia nani alijibu vizuri na nani alijibu vibaya. Hata hivyo wako waliokesha wakijiuliza, “Nilikosea wapi? Ni neno gani nililosema?” Wengine walikwenda mbali zaidi wakasema, “Ni Mungu ananiadhibu, kwa kuwa sikuomba vya kutosha.” Ndugu zangu, tazameni jinsi hofu ya ofisini inavyoweza kuingia mpaka katika chumba cha maombi. Polepole tunamfanya Baba yetu wa mbinguni kuwa afisa wa mahojiano, aliyekaa na faili letu mezani, akitafuta mahali ambapo habari zetu hazilingani.

Pili, mzigo huu unatoka katika usiku ule tuliokimbia. Hapa nasema kwa upole, maana najua nagusa kidonda. Wako kati yetu waliomwacha mzazi mzee kwa sababu hakuweza kutembea. Wako walioshika mikono ya watoto wawili, na wa tatu akapotea gizani. Miaka imepita, lakini kila usiku wanaipita tena ile njia na kuyarekebisha mambo: ningetoka mapema, ningepita njia nyingine, ningerudi. Wanajidai kitu ambacho Mungu hajawadai. Hakuna mtu anayekimbia vita vizuri. Risasi zikilia, mama anashika kile ambacho mikono yake inaweza kushika.

Tatu, unatoka katika moyo wa mwanadamu wenyewe. Moyo wetu haupendi kuwa na deni. Tungependa kusimama mbele za Mungu kama yule Farisayo wa Luka 18, tukisoma orodha ya mema yetu. Na tukiona orodha imekuwa fupi, tunakata tamaa. Kujivuna kwa Farisayo na kukata tamaa kwa aliyeshindwa vinatoka katika shina moja: wote wawili wanajitazama wenyewe. Yule mtoza ushuru hakuwa na orodha. Aliomba rehema tu, na Bwana Yesu alisema ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki.

PASAKA ILIYOCHELEWA

Sasa tuje kwenye somo letu. Sura hii haihubiriwi mara nyingi, lakini ni kama iliandikwa kwa ajili ya watu waliohamishwa makwao.

Mfalme Hezekia alipoanza kutawala Yuda, aliikuta nyumba ya Mungu imefungwa milango na kujaa uchafu. Akawaita makuhani na Walawi waitakase. Sura ya 29 inatuambia kazi ile ilimalizika siku ya 16 ya mwezi wa kwanza. Lakini sheria ilitaka Pasaka iliwe siku ya 14 ya mwezi huo huo. Walikuwa wamechelewa siku mbili. Tena makuhani waliojitakasa walikuwa wachache, na watu hawakuwa wamekusanyika Yerusalemu.

Mtu wa kutafuta ukamilifu angesema, “Basi, mwaka huu tumekosa. Tujipange vizuri, tutafanya mwaka ujao.” Hezekia hakusema hivyo. Alishauriana na wakuu na kusanyiko, wakakubaliana kuifanya Pasaka mwezi wa pili.

Kisha akafanya jambo la kushangaza zaidi. Alituma barua mpaka kaskazini, kwa Efraimu na Manase. Watu wa huko walikuwa akina nani? Walikuwa mabaki. Wafalme wa Ashuru walikuwa wamewapiga na kuchukua wengi wao utumwani, na barua ya Hezekia inawaita wale waliookoka mkononi mwa wafalme hao. Walikuwa watu wa vita, wenye ndugu waliopelekwa mbali ambao hawakujua kama wangewaona tena. Isitoshe, kwa miaka mingi hawakuwa wameabudu ipasavyo. Wengi wao hawakujua hata taratibu za Hekalu.

Waliopeleka barua walichekwa na kudhihakiwa. Lakini baadhi ya watu wa Asheri, Manase na Zabuloni walijinyenyekeza wakaja. Walipofika Yerusalemu ikaonekana shida: wengi wao hawakuwa wamejitakasa kama sheria ilivyotaka. Wakaila Pasaka hivyo hivyo, kinyume cha maandishi. Ndipo Hezekia akawaombea. Alimwomba Mungu aliye mwema amsamehe kila mtu aliyeuelekeza moyo wake kumtafuta, hata kama hakuwa safi kwa kanuni za patakatifu. Na mstari wa 20 unatuambia kwamba Bwana alimsikia Hezekia, akawaponya watu.

Mungu hakuwafukuza mezani. Aliwaponya wakiwa pale pale. Na furaha ikawa kubwa hata wakaongeza siku saba nyingine, furaha ambayo Yerusalemu haikuwa imeiona tangu siku za Sulemani. Mstari wa 25 unataja wazi kwamba wageni nao walikuwamo katika furaha ile.

Tujifunze mambo matatu.

1. MUNGU ALIWEKA NAFASI KWA AJILI YA WALIOCHELEWA

Ile Pasaka ya mwezi wa pili Hezekia hakuibuni. Tusome Hesabu sura ya 9. Huko jangwani, mwaka wa pili baada ya kutoka Misri, watu kadhaa walimwendea Musa wakiwa na huzuni. Walikuwa wamegusa maiti, kwa hiyo walikuwa najisi siku ya Pasaka. Wakauliza kwa nini wazuiwe kumtolea Bwana pamoja na wenzao. Musa hakuwajibu kwa haraka. Aliwaambia wangoje, akaenda kumsikiliza Mungu.

Na Mungu akatoa tarehe nyingine, siku ya 14 ya mwezi wa pili. Akataja sababu mbili: mtu aliyekuwa najisi kwa ajili ya maiti, na mtu aliyekuwa katika safari ya mbali. Ndugu msomaji, ni nani katika makazi haya ambaye hajaguswa na moja ya sababu hizo? Tumewazika wapendwa wetu, wengine hata bila sanduku. Tumetembea safari ambazo hatukuzipanga. Mauti na safari ya mbali vilipowazuia watu, Mungu hakuwafuta katika orodha ya watu wake. Aliwaandalia siku yao. Na mstari wa 14 unamkaribisha hata mgeni akaaye kati yao.

Sura hiyo hiyo inamwonya mtu aliye safi, asiye safarini, ambaye anapuuza tu. Kuna tofauti kati ya asiyeweza na asiyetaka. Mungu anaijua tofauti hiyo kuliko sisi tunavyoijua.

Kwa hiyo wewe uliyeanza masomo ukiwa na miaka 30, wewe uliyemjua Bwana uzeeni, wewe ambaye ndoa yako imebarikiwa baada ya watoto kuzaliwa, usione aibu kama mtu aliyefika karamu ikiwa imekwisha. Umekuja Pasaka ya mwezi wa pili, nayo ni Pasaka kweli.

2. WALIPONYWA KWA OMBI LA MWINGINE, SI KWA MAANDALIZI YAO

Wale watu wa kaskazini hawakuwa na la kujitetea. Hawakuweza kusema, “Tumejitakasa.” Kilichowasaidia ni kwamba mfalme alisimama upande wao akawaombea, na Mungu akamsikia yeye.

Hapa tunamwona Bwana wetu Yesu Kristo kwa mbali. Waraka kwa Waebrania, sura ya 7 mstari wa 25, unatufundisha kwamba yeye anaishi siku zote ili kuwaombea wale wanaomjia Mungu kupitia kwake. Hezekia aliomba kwa maneno. Yesu ameomba kwa damu yake. Na yeye si mfalme aliyekaa salama akiwahurumia wakimbizi kwa mbali. Mathayo 2 inatuambia alibebwa usiku akiwa mtoto, akapelekwa Misri, kwa sababu mtawala alitaka kumwua. Mwombezi wetu anaujua usiku ule.

Kwa hiyo shetani anapokusomea makosa yako, usianze kumtafutia mema yako ya kuyafunika. Huwezi kushinda kesi hiyo kwa ushahidi wako mwenyewe. Mwelekeze kwa Mwombezi wako. Na kama moyo wako mwenyewe ndio unaokuhukumu, Mtume Yohana katika waraka wake wa kwanza, 3:20, anatukumbusha kwamba Mungu ni mkuu kuliko moyo wetu, na hakuna asilolijua.

Tutofautishe hapa makosa mawili. Kama umetenda dhambi kweli, umeiba, umezini, umemsingizia jirani, usiifiche: itubu kwa Mungu, na umwendee uliyemkosea. 1 Yohana 1:9 inatuahidi msamaha. Lakini kama unajihukumu kwa sababu hukuweza kumbeba baba yako, au kwa sababu mtoto alikuponyoka katika msongamano wa watu wanaokimbia, hiyo si dhambi ya kutubu. Huo ni msiba wa kulilia. Usiendelee kutubu kitu ambacho Mungu hakuiti dhambi. Mletee kama majonzi, naye atakufariji. Na usilie peke yako. Mwite mama mmoja, au mzee mmoja wa kanisa, mkae pamoja.

3. USAFI ULIFUATA KARAMU

Labda mtu atauliza, “Mchungaji, je, mafundisho haya hayatawafanya watu walegee? Kama Mungu anatupokea hivi hivi, tuhangaike na utakatifu kwa nini?”

Swali hilo ni zuri, na somo letu linalijibu. Tazama mstari wa kwanza wa sura ya 31. Karamu ilipokwisha, watu wote waliokuwapo walitoka wakaenda mijini wakavunja sanamu, si katika Yuda na Benyamini tu, bali pia katika Efraimu na Manase. Madhabahu zilizokuwa ndani ya Yerusalemu zilikuwa zimeondolewa mapema, lakini kazi hii ya huko kaskazini ilifuata baadaye. Wale waliokuja bila kujitakasa waliketi mezani kwanza, wakafurahi siku 14, kisha wakapata nguvu ya kusafisha makwao.

Ndivyo alivyofanya Yesu kwa Petro katika Yohana 21. Petro alikuwa amemkana mara tatu. Walipokutana ufuoni, Yesu hakuanza na maswali. Alikuwa amewasha moto wa makaa na kuandaa samaki na mkate. Walipokwisha kula ndipo akamuuliza, na swali lenyewe lilikuwa juu ya upendo. Kisha akampa kazi ya kuchunga kondoo.

Neema hailei dhambi. Lakini hofu haiwezi kuzaa utakatifu, huzaa unafiki tu. Mtoto anayepigwa kwa kila kosa hujifunza kuficha makosa. Mtoto anayejua anapendwa huleta kikombe kilichovunjika mkononi na kusema, “Mama, kimeniponyoka.”

JE, YESU HAKUSEMA TUWE WAKAMILIFU?

Alisema, katika Mathayo 5:48. Lakini tusiukate mstari huo na kuuacha peke yake. Kuanzia mstari wa 43 anazungumza juu ya kuwapenda adui. Anasema Baba wa mbinguni huwaangazia jua wabaya na wema, na huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kisha ndipo anatuambia tuwe wakamilifu kama Baba. Neno la Kigiriki lililotumika pale lina maana ya kitu kilichofikia lengo lake, kilicho kizima. Na Luka, katika 6:36, anapoandika mafundisho hayo hayo, anatumia neno la huruma: tuwe na huruma kama Baba alivyo.

Kwa hiyo ukamilifu anaoutaka Yesu ni upendo usiobagua. Tunao jirani hapa ambao kabila lao na letu vilitenganishwa na damu kule nyumbani. Mvua ikinyesha hapa, hainyeshei shamba la kabila moja. Ukitaka kujua kama unakua katika ukamilifu, usihesabu siku ulizofunga. Jiulize kama unaweza kumsalimu mama wa kabila lile pale kwenye bomba la maji, na kumsaidia kujitwika dumu lake.

HATA UAMSHO WETU ULIANZA HIVI

Wengi wetu tumelelewa katika matunda ya Uamsho wa Afrika Mashariki, na wimbo wa Tukutendereza tunaujua tangu utoto. Tukumbuke ulivyoanza. Mwaka 1929 daktari mmisionari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akitokea hospitali ya Gahini, Rwanda. Alikuwa amechoka na kuvunjika moyo, kwa sababu njaa kali ilikuwa imeipiga Rwanda na kazi ilikuwa imemzidi nguvu. Katika kilima cha Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa na njaa ya kumjua Mungu zaidi. Wakakaa siku mbili na Biblia, wakisoma na kuomba pamoja.

Kutoka kwa watu wa namna hiyo, moto uliwaka Gahini katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kongo, Tanganyika na Kenya. Uamsho haukusubiri watu waliojiona wamekamilika. Mmisionari na mwenyeji walikaa chini pamoja, wakakiri kwamba wamepungukiwa. Ndiyo maana ndugu wa Uamsho walizoea kuungama wazi mbele ya wenzao. Walijua kwamba chini ya msalaba hakuna wa kumdharau mwenzake.

Lakini tujihadhari. Kuungama nako kunaweza kugeuka kuwa mtihani, na kanuni za mavazi na za nywele zikawa ndizo injili. Paulo aliwauliza Wagalatia, katika 3:3, kama wanaweza kumaliza kwa nguvu za mwili kile walichokianza kwa Roho. Swali hilo ni letu pia.

NEEMA NDANI YA NYUMBA ZETU

Neema haina budi kuonekana nyumbani. Nawapa mambo manne ya kutenda.

Wazazi, tunawapenda watoto wetu, na tunataka wafike mahali ambapo sisi hatukufika. Lakini tusiwatwike watoto kazi ya kulipa kila tulichopoteza. Shamba, duka na masomo yaliyobaki kule havitarudishwa na mtihani wa mtoto wa miaka 12. Wiki hii, mtoto akileta daftari, anza na alichopata. Msifu, kisha umsaidie palipobaki.

Akina mama, njooni ibadani kama mlivyo. Kanisa letu lina kuta za udongo na madawati ya mbao zisizopigwa randa. Mungu anayekubali kukutana nasi hapo hatakataa kitenge chako. Na sisi tuliopata nguo nzuri, tuangalie macho yetu, maana macho yanaweza kumfukuza mtu kanisani kuliko mdomo.

Wakulima, mkumbuke Mambo ya Walawi 19:9-10. Mungu aliwakataza watu wake wasivune shamba mpaka pembeni, wala wasirudi kuokota masuke yaliyosalia. Hayo yaliachwa kwa maskini na mgeni. Kwa ajili ya sheria hiyo Ruthu, mwanamke Mmoabi aliyefika ugenini bila kitu, alipata chakula katika shamba la Boazi. Kama Boazi angetaka shamba lake livunwe bila kubakiza hata suke moja, Ruthu angelala njaa. Vivyo hivyo, nyumba ambayo kila kitu lazima kiwe sawasawa haina nafasi ya mgeni wala ya mgonjwa. Acheni pembe za siku zenu bila kuvunwa. Kazi nyingine ibaki kesho, mkakae na jirani aliyefiwa.

Watumishi na viongozi wa kwaya, fanyeni kazi ya Mungu vizuri, jiandaeni, mfike mapema. Kutenda vizuri kwa upendo ni sadaka. Lakini sauti ya mwenzako ikikosea katikati ya wimbo, usimwaibishe mbele ya watu. Na ukichoka, sema umechoka. Eliya katika 1 Wafalme 19 alichoka hata akaomba afe, na Mungu hakumkemea kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

HITIMISHO

Wapendwa, sisi sote tunangoja. Wengine wanangoja amani ili warudi nyumbani, wengine wanangoja jibu la kesi, wengine wanangoja habari za ndugu aliyepotea. Katika kungoja kote huko, jambo moja halingojewi tena. Kupokelewa na Mungu kumekwisha kukamilishwa pale msalabani. Hakuna orodha ya kusubiri wala tarehe ya uhakiki. Mlango wake haufungwi kwa sababu mwaka wako wa kuzaliwa umeandikwa vibaya. Alikujua kabla hujapewa namba ya faili.

Jumapili ya Meza ya Bwana inakuja. Wewe uliyekaa mbali mwaka mzima ukisema “sijawa tayari”, utubu lile unalojua ni dhambi, uuelekeze moyo wako kwake, uje. Utamkuta Mwombezi amekwisha kukuombea.

TUOMBE

Baba yetu mwema, tumekuja kwako kutoka mbali. Wengine tumegusa maiti, wengine miguu yetu bado ina vidonda vya njia. Hatuna la kujitetea ila Yesu Kristo Mwanao. Utusamehe dhambi zetu za kweli, na utuondolee hukumu ambazo wewe hukuziandika. Uwafariji wanaolia kila usiku kwa ajili ya wale waliobaki nyuma. Uwape wazazi upole na watoto ujasiri, na utufundishe kupokeana kama ulivyotupokea. Tunaomba katika jina la Yesu. Amina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA IBADA YA NYUMBANI

1. Someni Hesabu 9:6-14. Ni sababu zipi mbili zilizomruhusu mtu kula Pasaka mwezi wa pili? Zinafananaje na maisha yetu?

2. Ni mambo gani katika kanisa letu yanayomfanya mtu aone kwamba hafai kuja? Tunaweza kubadilisha lipi mwezi huu?

3. Kuna tofauti gani kati ya dhambi ya kutubu na msiba wa kulilia? Ombeaneni wawili wawili.

4. Kila mmoja ataje “pembe ya shamba” moja atakayoiacha wiki hii kwa ajili ya jirani.

Mungu awabariki na kuwalinda, ninyi na nyumba zenu.